Gunzi Kwenye Mdomo wa Tangi

Akoth wangu,

Umeenda kusukwa, na msusi wako si mtu wa haraka, kwa hiyo ninazo saa kama tatu za kukuandikia kabla hujarudi na kichwa kinachouma. Nimekaa kwenye meza ya chakula. Karatasi hizi nimezichomoa katikati ya daftari langu la Kiswahili, pale kwenye pini, ili Mwalimu asione pengo. Sare yangu inakauka nje kwenye kamba moja na nguo zako za safari. Mwalimu ametufundisha kwamba barua ya kirafiki huanza na hali ya mwandishi. Hali yangu ni nzuri. Hali yako sina haja ya kuiuliza, maana tangu asubuhi umekuwa ukiimba huku ukipanga begi.

Sitakuandikia habari za kufunika chakula, kutundika neti wala kwenda kanisani. Hayo umeyafanya katika nyumba hii bila kuambiwa, na mengine wewe ndiye uliyenikumbusha mimi. Nakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu ndiyo lugha iliyonikutanisha na baba yako, mimi Mkuria wa Kehancha na yeye Mjaluo wa Lambwe, lugha ambayo hakuna kati yetu aliyeweza kumzidi mwenzake maneno.

Jana uliniuliza kwa mara ya tatu: "Mama, kwani kwa nini umenikatia tiketi ya kutoka Homa Bay? Si basi lingenichukua tu hapa Migori?" Nikakwambia ule ugali unapoa. Swali lako lilikuwa la haki. Mtu anayekwenda chuo cha ufundi Thika hana sababu ya kwanza kuteremka mpaka ziwani. Jibu ninalo, lakini siwezi kulitoa kabla sijasema habari za gunzi.

Unakumbuka siku kofia ya tangi ilipopotea. Nilikuwa nimejaza petroli Rongo, kofia nikaiweka juu ya paa la pikapu, nikaanza kuzungumza na mwanamke mmoja juu ya mvua, nikaondoka. Tulipofika nyumbani mdomo wa tangi ulikuwa wazi kama mdomo wa kifaranga. Nikafanya kile ambacho watu wengi wa huku wangefanya. Nikaingia jikoni, nikachagua gunzi la mahindi lililotoshea, nikalisukuma ndani. Mtungi wa maziwa huzibwa kwa gunzi, kibuyu huzibwa kwa gunzi, tangi ni nani hata likatae? Ulicheka ukasema, "Mama, sasa gari letu limeanza kula mahindi."

Lilifanya kazi vizuri kwa majuma kadhaa. Kisha tulipopeleka magunia ya omena, hao dagaa wetu wa ziwani, huko Kehancha, mwanamke mmoja niliyekua naye aliingiza mkono kwenye gunia, akanusa vidole, akaniita mbele ya soko zima, "Robi! Hii omena yako mtu anakula ama anawashia taa?" Petroli ilikuwa ikipenya kwenye gunzi kila tulipoingia shimoni, na harufu ikapanda hadi kwenye mzigo. Watu walicheka mpaka wakashikana mabega. Wale ni watu wangu, Akoth, walionijua nikiwa msichana aliyetoka shule kidato cha pili akiwa na mimba yako. Kicheko chao huwa kinanifikia mahali ambapo vicheko vya wengine havifiki.

Nilirudi nyumbani nimeamua. Nilikata nailoni ya mfuko wa mbolea, nikalizungushia gunzi mara mbili, nikalifunga kwa ukanda wa tyubu ya baiskeli, kisha nikaligonga kwa mpini wa panga mpaka likawa halizunguki wala halitikisiki. Nikakuita uje uone. "Tazama," nikasema, "kazi ya mtu aliyerudi shule." Ukalibonyeza kwa kidole gumba. "Imekaza kweli, Mama," ukasema. Tangu hapo kila tukijaza petroli nilihakikisha limegongwa vilevile.

Juma lililofuata gari likaanza kuchoka.

Naandika hayo mawili yakiwa yamekaribiana hivi, gunzi na uchovu wa gari, kwa sababu kwenye karatasi kila mtu anaweza kuona. Wakati ule sikuona. Likiwaka asubuhi lilikuwa zima kabisa. Linatoka Homa Bay na magunia yake linaimba, kisha tunapoanza kupanda kuelekea Rodi, nakanyaga eksileta na hakuna kinachokuja. Mguu umefika chini, injini inakohoa, inamisi, inavuta mara moja kisha inalegea kama mtu aliyesahau alichotaka kusema. Nashuka gia ya pili, ya kwanza, mwishowe linazima. Tunakaa kando ya barabara kwa muda wa kumenya na kula muwa mmoja. Ukiliwasha tena, linawaka mara moja na kupanda kama lilikuwa likitutania.

Fundi Odero alilitazama mara nne. Alibadilisha plagi. Alifungua kabureta akaiosha. Alibadilisha chujio la petroli, akatuonyesha makapi ya gunzi ndani yake, akasema ugonjwa ndio huo umepatikana, nasi tukarudi nyumbani tukiimba. Kesho yake likazima palepale. Akabadilisha pampu. Kila akilijaribu pale gereji lilikuwa linavuta vizuri, maana alilijaribu tupu, mpaka mwisho wa lami na kurudi. Nilipomlalamikia aliniambia, "Mama Akoth, hii gari ni mzee. Hata wewe nikubebeshe magunia ishirini upande nayo Rodi, si utaomba kupumzika?" Nikaona amesema kweli. Nilikuwa nimechoka mimi mwenyewe, shule siku tano, omena Jumapili, na nilipenda kusikia kwamba kuna kitu kingine kilichochoka.

Ila kulikuwa na jambo moja lililonisumbua. Siku tulizojaza tangi pomoni ndizo siku gari lilituangusha mapema. Siku tulizokuwa na petroli kidogo, lilifika mbali, hata Rongo. Nikatafakari, nikajiona nina akili: kama likishiba ndipo linaugua, basi kosa limo kwenye chakula. Petroli ni mbaya. Na wewe ndiye uliyekuwa ukiendesha gari kwenda kulijaza Ijumaa mchana, nami nikiwa darasani.

Sasa nimefika gatini kule Homa Bay, na ningependa kuruka, lakini sitaruka.

Ilikuwa Jumapili. Mashua za Remba zilikuwa zimeshusha mzigo, na wanawake wamekaa juu ya magunia yao wakitungoja. Tulichelewa, kwa sababu gari lilizima mara mbili likiwa tupu. Mama Siprosa, ambaye ulimi wake haujawahi kupumzika hata Sabato, alisimama na mikono kiunoni. "Mama Akoth! Leo tutafika sokoni, ama tubebe na blanketi tulale Rodi na omena zetu?" Wakacheka. Nikacheka pia, lakini ndani nilikuwa nimerudi Kehancha, vidole vikinuswa mbele ya soko zima. Nikakugeukia.

"Hii petroli ulijaza wapi?"

"Stesheni, Mama."

"Stesheni gani?"

"Ile yetu ya kila siku."

"Wacha. Ulichukua ile ya mitungi kando ya barabara, ile wanachanganya na mafuta ya taa, kwa sababu uliona uvivu kupanga foleni."

"Mama, nilijaza stesheni."

Ulisema hivyo kwa sauti ya kawaida, ukinitazama machoni, kama nilivyokulea. Nami nikakuita mwongo. Na nilitaka kila mtu asikie, kwa hiyo sikulisema kwa Kiswahili. Nililisema kwa Kijaluo, kwa matamshi yangu haya ya Kikuria ambayo huwachekesha siku zote. Jamiriambo. Siku ile hakuna aliyecheka. Wewe ulinitazama kidogo, kisha ukainama, ukashika pembe ya gunia la kwanza, ukamwambia aliyeshika pembe ya pili, "Tuinue."

Akoth, neno nililolisema halikupanda garini pamoja nasi. Lilibaki pale. Jumapili zilizofuata Mama Siprosa alikuwa akikwambia, "Haya Akoth, tuambie ni magunia mangapi. Lakini na sisi pia tutahesabu, si tunajuana?" Wenzake wanaguna. Uliyahesabu kila mara kwa sauti, ukaacha nao wahesabu nyuma yako, na kila mara hesabu ilikuwa moja. Na mimi? Nilijifanya ninakaza kamba.

Mama yangu hakuwahi kumwambia mtoto samahani. Alikuwa akikukosea, basi jioni unaona chungu kimebandikwa, na usipofahamu maana yake ni shauri lako. Nami nikafanya vivyo hivyo. Jumapili ile nilichinja yule jogoo mwekundu. Firigisi, ambayo tangu baba yako afariki nimekuwa nikimpelekea baba yako mdogo kwa sababu ni sehemu ya mwenye nyumba, niliiweka kwenye sahani yako. Ukaiona. Nilijua umejua. Ukaichukua kwa vidole viwili, ukairudisha kwenye sahani yangu, ukasema, "Mama, wewe ndiye mwenye nyumba." Hukusema kwa hasira. Mpaka leo sijui kama ulinisamehe au ulinirudishia radhi yangu ikiwa haijaliwa. Niliitafuna lakini haikuwa na ladha yoyote.

Siku chache baadaye nilifanya kosa la pili, na hili hulijui. Nilikuta daftari lako chini ya mto. Nilidhani ni lile la siri za wasichana, nikafunga mlango, nikalifungua, nikitafuta umeniandika vipi. Nilisoma kurasa tisa. Mimi simo. Kulikuwa na mistari kama hii: *Tangi limejaa, magunia ishirini, limeanza kukohoa kabla ya kona ya pili. Tangi nusu, magunia ishirini, limefika Rongo. Tangi limejaa, bila mzigo, limechelewa kuzima lakini limezima. Baada ya kupumzika linavuta. Kila mara baada ya kupumzika linavuta. Kwa nini?* Hilo *kwa nini* ulilipigia mstari mara mbili. Nilitafuta jina langu kila ukurasa, nikakuta gari tu. Mtoto niliyemwaibisha mbele ya watu hakukaa akiandika maumivu yake. Alikaa akitafuta ukweli ulipo, kana kwamba ukipatikana utatosha. Nililirudisha daftari chini ya mto, nikafungua mlango.

Ndiyo sababu Jumapili ya wingu jeusi, uliposema "Mama, simama hapa," nilisimama bila kubisha. Tulikuwa wawili tu, wanawake walikuwa wametangulia. Gari lilikuwa limeanza kukohoa mlimani, na mvua ilikuwa inakuja kutoka upande wa ziwa, na unajua omena ikinyeshewa inavyokuwa. Hukungoja lipumzike. Ulishuka mbio, ukafungua ule ukanda wa tyubu, ukashika gunzi kwa mikono miwili, ukaweka mguu kwenye bodi, ukavuta. Halikutaka. Ulivuta tena, na nikasikia.

*Psssssss.*

Ilikuwa pumzi ndefu, kama mtu aliyekuwa amezamishwa kwenye maji akaachiliwa. Ukaniambia, "Washa." Nikawasha. "Kanyaga." Nikakanyaga, na injini ikanguruma mpaka nikaondoa mguu kwa hofu.

Ulikuja dirishani na gunzi mkononi, limeloa, nailoni imebonyea. "Mama," ukasema, "ukitoboa mkebe wa mafuta ya kupikia tundu moja, inakuwaje?"

"Mafuta hayatoki. Yanadondoka tu."

"Na ni nani alinifundisha nitoboe mawili?"

Ulikuwa na miaka saba. Ulikuwa umesimama juu ya stuli pale jikoni, umeshika msumari, mkebe unakataa kumimina, umeanza kulia. Nilikushika mkono nikakwambia: moja la mafuta kutoka, moja la hewa kuingia. Kitu hakiwezi kutoka kama hakuna kinachoingia mahali pake. Ulijaribu, mafuta yakaja kwa uzi mmoja ulionyooka, na ukacheka. Nilikuwa nimesahau siku hiyo. Wewe uliitunza miaka kumi na miwili, ukaileta kwenye mlima wa Rodi siku nilipoihitaji.

Gari lilikuwa linavuta petroli kutoka kwenye tangi, nami nilikuwa nimeziba kila mahali ambapo hewa ingeingia. Likijaa pomoni, nafasi ya hewa ilikuwa ndogo, likabanwa mapema. Likiwa nusu, hewa iliyomo ilitosha kulisogeza mpaka Rongo. Likipumzika, hewa kidogo ilijipenyeza kwenye mikunjo ya nailoni, likapona. Pampu ilikuwa nzima. Kabureta ilikuwa nzima. Petroli ilikuwa ya stesheni.

Mimi nilikuwa tayari kuondoka, mvua inatukimbilia. Ukasema, "Tulirudishe kwanza tuone kama ni hilo kweli."

"Akoth, mvua hiyo!"

"Tukiondoka bila kujua, Mama, siku nyingine utasema ni mafuta ya taa tena."

Hilo ndilo neno pekee ulilowahi kuniambia juu ya jambo lile. Ukalirudisha gunzi na nailoni yake, ukalikaza kama nilivyolikaza mimi, tukaenda. Likazima karibu na lile duka la bati jekundu. Ukashuka, ukalichomoa, *psssss*, likavuta. Matone ya kwanza yalikuwa yanagonga kioo. Ndipo ulipoivua nailoni, ukachukua msumari kwenye kisanduku cha zana, ukautoboa moyo wa gunzi kutoka upande hadi upande, ukalirudisha, na tukapanda Rodi kwa gia ya tatu. Gia ya tatu, Akoth! Nilikutazama kwa pembe ya jicho. Ulikuwa unajifuta petroli mikononi kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja, na hukuwa unatabasamu. Ungeweza kuniambia chochote na ningestahili. Uliniuliza kama turubai imefungwa vizuri nyuma.

Nataka ujue kitu ambacho kimenichekesha na kuniuma. Majuma mawili kabla ya ile Jumapili ya gatini, mwalimu wetu wa fizikia alitufundisha kanieneo ya hewa. Alileta mkebe wa maziwa, akautoboa tundu moja, kisha mawili, na wale watoto ninaosoma nao wakaona ni ajabu. Nilichora mchoro mzuri kuliko wote. Nilipata alama zote, na Mwalimu akaandika *Hongera Mama*. Karatasi ile ilikuwa ndani ya mkoba wangu, kwenye kiti cha pikapu, nilipokuwa nikikuita mwongo. Nilikuwa na jibu kwa mwandiko wangu mwenyewe, na sikulitambua kwa sababu lilikuwa limevaa nguo za shule.

Nimefikiri sana kwa nini sikuona. Si kwamba nilikosa elimu. Nadhani ni kwa sababu lile gunzi lilikuwa kazi ya mikono yangu, na nilikuwa najivunia. Nilikagua kila kitu kilichoguswa na mtu mwingine. Nilimkagua Fundi Odero, nikaikagua stesheni, nikakukagua wewe. Sikukagua pale nilipokuwa nimekaza kwa nia njema. Utakutana na magari mengi huko uendako, na wenye magari, na sitakufundisha kazi yako. Nakuambia tu mimi nilivyokosea, ili siku moja mtu akikuletea gari na hasira, ujue kwamba pengine amekaa juu ya jibu.

Na kuna siku nyingine ninayoikumbuka leo. Siku ulipomaliza kidato cha nne ulirudi nyumbani, ukavua sweta yako ya shule, ukaikunja, ukaiweka mapajani mwangu. "Mama, zamu yako," ukasema. Nikadhani ni mzaha. Kesho yake ukanishika mkono mpaka ofisini kwa mwalimu mkuu, kama mzazi, ukanisemea. Mimi nilikuwa naangalia sakafu. Mwalimu mkuu akauliza, "Mwanafunzi ni nani kati yenu?" Ukasema, "Ni huyu, na ana bidii kuliko mimi." Ndiyo sweta hiyohiyo inayokauka sasa nje. Kwenye kiwiko kuna kiraka ulichoshona wewe. Kila ninapoinua mkono darasani, kiraka chako ndicho kinachoinuka kwanza.

Wewe ulinisemea mbele ya watu neno zuri ambalo lilikuwa bado halijawa kweli. Mimi nilikusemea mbele ya watu neno baya ambalo halikuwa kweli kabisa. Hiyo ndiyo tofauti kati yetu, na sitaki uende Thika ikiwa bado hivyo.

Tangu tulipopata kofia halisi kwenye yadi ya magari mabovu, ile yenye kijitundu chake cha kupumulia, gari limekuwa zima. Fundi Odero alipopewa habari alishika kichwa akasema, "Kumbe nimekuwa nikimtibu mgonjwa pua imezibwa!" Anakusifu kwa kila mteja. Lakini Odero yuko Migori. Gatini hakuna anayejua. Wanaona tu kwamba gari limepona, na Mama Siprosa anasema limepona kwa sababu siku hizi natazama petroli mwenyewe. Nilimsikia akisema hivyo mwezi uliopita. Nami nikafanya yaleyale, Akoth. Nilikaza kamba tena.

Sasa unajua kwa nini tiketi yako ni ya kutoka Homa Bay.

Kesho ni Jumapili. Mashua za Remba zitakuwa zimefika, na wote watakuwa wamekaa juu ya magunia yao. Utaendesha wewe. Leseni unayo, na nilisema hutagusa usukani ukiwa na mzigo maadamu niko hai, lakini kesho mzigo ni wewe mwenyewe, na mimi nitakaa kushoto. Ukiniuliza kitu njiani sitajibu. Nitakuwa narudia maneno yangu kimoyomoyo kama mtoto anayekwenda kukariri. Tukifika utaegesha pale pale, kabla ya kwenda stendi. Nitashuka. Nitamwita Mama Siprosa kwa jina lake kwanza, ili wengine wageuke. Kisha nitasema, kwa Kijaluo, kwa sababu hilo lingine pia nililisema kwa Kijaluo: *Nyathina ok en jamiriambo.* Mtoto wangu si mwongo. Petroli ilikuwa ya stesheni. Mimi ndiye niliyeziba tangi. Nimelifanyia mazoezi tangu Jumatatu nikiosha vyombo. Najua watacheka nitakavyotamka. Wacheke, mradi wasikie.

Nitawapelekea pia ushahidi. Lile gunzi hukulitupa, nililikuta kwenye kisanduku cha zana, na tundu la msumari wako bado linaonekana. Nimelifunga kwenye kitambaa. Mama Siprosa huamini anachoshika.

Barua hii nitaiweka chini kabisa ya begi lako, kwenye mfuko wa ile ovaroli mpya, ili usiipate kabla hujapita Kisii. Huenda utakuwa umeshasikia yote kwa masikio yako, na hii itakuwa ya kukumbuka tu. Lakini najijua. Nimewahi kufika mlango wa samahani mara nyingi, nikageuka nikaenda kuchinja kuku. Kama kesho nitakukumbatia tu na kukusukuma kwenye basi kabla sijasema, basi ukiisoma hii ujue nimerudi kwa wale wanawake. Gari liko gatini, limezimwa, ufunguo uko mkononi mwangu, na siliwashi mpaka nimesema.

Nenda, mwanangu. Nasikia lango, umerudi.

Mama yako,
Robi,
Kidato cha Tatu